MWEMBE WAKO UTALALA WAPI?

Wiki hii naomba tuweke kando habari za viatu, nywele na nani kamwacha nani. Tutoke nje kidogo, twende uani. Leo tunazungumzia mti.

Usicheke bwana! Jiji letu hili la Dar es Salaam limejaa majina ya miti. Mnazi Mmoja, Mwembechai, Mwembeyanga, Mikocheni, Mbuyuni, hebu yasikilize vizuri. Zamani mgeni alikuwa hatajiwi namba ya nyumba, anatajiwa mti, naye anafika. Siku hizi tunaelekezana kwa baa na vituo vya mafuta.

Sasa vijana wengi wa mjini wamejipigapiga wakapata vijiwanja vyao kule Chanika, Goba, Mbagala, Kigamboni na kwingineko. Fundi akishamaliza kuezeka tu, kitu cha kwanza kinachomjia mtu akilini ni kivuli, maana bati la saa saba mchana si mchezo. Basi anapita kando ya barabara, anaona miche imejipanga kama wanafunzi wa darasa la kwanza, anachagua ule mrefu kuliko yote na kuupakia kwenye bodaboda. Akifika nyumbani anachimba kishimo cha kuzikia kifaranga, anauchomeka, anamwaga ndoo moja ya maji, anapiga picha na kuwarushia washikaji. Kazi kwisha.

Baada ya hapo huwa yanatokea mawili. La kwanza, mche unakauka ndani ya mwezi mmoja na mtu analaumu udongo, jua au jicho la jirani. La pili, mche unashika, unakua, unanenepa na kufurahi maisha. Hili la pili ndilo linaloweza kukutoa machozi zaidi. Subiri nikueleze.

MPANGAJI ASIYEPEWA NOTISI

Kisa cha aina hii kipo karibu kila mtaa. Bwana na bibi wamehamia kwao, nyumba haijapigwa hata lipu, wanapanda mwembe. Wanachagua pale panapoonekana peupe, hatua tatu kutoka shimo la choo na hatua mbili kutoka ukuta wa jirani. Mche wenyewe una urefu wa goti, kwa hiyo nafasi inaonekana kubwa mno.

Mwaka wa nne mwembe unatoa embe za kwanza, furaha tupu. Mwaka wa saba watoto wamefunga bembea. Mwaka wa kumi na mbili kifuniko cha chemba kimeinuka upande, ukuta wa jirani una ufa unaopitisha kidole, gata limejaa majani na mvua ikinyesha maji yanarudi ndani. Jirani anakuja mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili anakuja na mjumbe. Mwisho wa yote anaitwa mtu mwenye msumeno. Siku hiyo mama anajifungia ndani na kufungulia redio kwa sauti ya juu ili asisikie, na watoto wanauliza bembea sasa itafungwa wapi.

Kosa la mwembe hapo ni lipi? Halipo. Wenyewe waliupa chumba kidogo.

Ndiyo maana nasema mti ni mpangaji, ila ni mpangaji asiyehama, hapewi notisi, na kila mwaka anaongeza kitanda. Kabla hujamkaribisha muulize swali moja tu: ukishakuwa mtu mzima, utalala wapi?

CHUKUA KAMBA UPIME KIVULI

Tupige hesabu kidogo, usikimbie. Kiwanja cha wengi wetu ni kile cha ishirini kwa ishirini, yaani mita 20 kila upande, jumla mita za mraba 400. Ukiweka katikati nyumba ya mita 10 kwa 12 zinabaki mita za mraba 280. Masikioni zinasikika nyingi, lakini zimegawanyika kuizunguka nyumba: upande huu mita 5, upande ule mita 4. Hapo hapo utoe shimo la choo, chemba, tanki la maji, kamba ya kuanikia nguo na pa kulaza pikipiki.

Mwembe ulioachwa ukue unavyotaka unatandaza matawi kiasi cha mita 10 kutoka upande mmoja hadi wa pili, na mengine hupita hapo. Maana yake kutoka kwenye shina ni mita 5 kila upande. Uingize huo kwenye kichochoro cha mita 4 uone kimbembe! Tawi moja litakuwa juu ya bati lako, jingine litakuwa linasikiliza mazungumzo sebuleni kwa jirani.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Chukua kamba ya mita 5. Chomeka kijiti pale unapotaka kupanda, funga kamba kwenye kijiti, kisha zunguka nayo ikiwa imenyooka. Chochote kamba itakachogusa, mti nao utakuja kukigusa. Ikigusa bati, ukuta, chemba au shimo la choo, hapo siyo mahali pa mwembe. Halafu inua macho juu. Kama kuna nyaya za umeme zinapita, sogea.

Kwa kukadiria, mwembe, mparachichi, mfenesi na mkungu iachie mita 6 hadi 8 kutoka ukuta wa nyumba, na kutoka shimo la choo kadiri utakavyoweza kwenda mbali. Mlimau, mchungwa, mpera na mstafeli mita 3 hadi 4 zinatosha. Mpapai na mkomamanga, hata mita 2. Kama kiwanja chako hakina mita 6 popote, basi jibu umeshalipata: mwembe wa kuachwa ukue utakavyo siyo wako, na wala hakuna aibu hapo.

Kama bado hujajenga una bahati kuliko wenzako. Kaa na fundi wako muone kama ramani na taratibu za eneo lenu zinaruhusu nyumba isogezwe upande mmoja, ili upate ua mmoja mpana badala ya vichochoro vinne. Ua mmoja mpana unabeba mti. Vichochoro vinne vinabeba ndoo na mapipa.

MIZIZI HAICHIMBI KISIMA

Watu wengi wanadhani mizizi inakwenda chini moja kwa moja kama inachimba kisima. Wapi! Sehemu kubwa ya mizizi inayokula na kunywa ipo kwenye nusu mita hivi ya juu ya udongo, nayo inatambaa pembeni hadi kupita mwisho wa matawi. Kwa hiyo mti ambao matawi yake hayajafika ukutani, mizizi yake inaweza kuwa imeshabisha hodi siku nyingi.

Mzizi hauna nia mbaya na mtu, unafuata unyevu tu. Bomba la maji machafu lenye kiungo kinachovuja kwake ni karamu ya bure. Unapenyeza unywele mmoja, unywele unakuwa kidole, kidole kinakuwa mkono, na siku choo kinapojaa ghafla wageni wako sebuleni. Kwa hiyo kabla ya kupanda hakikisha mabomba yako hayavuji. Hiyo ni nusu ya kinga.

USIMSAHAU JIRANI

Kabla hujapanda karibu na mpaka, nenda kwa jirani ukamwambie. Siyo barua, siyo ujumbe wa simu, nenda mwenyewe na salamu zako. "Shikamoo mzee, nataka kuweka mlimau pale pembeni, unaonaje?" Mzee akishirikishwa mapema, majani yakidondoka kwake miaka kumi baadaye atafagia akinung'unika kidogo, basi. Asiposhirikishwa, kila jani litakuwa kesi.

Na makubaliano ya matunda yafanyike mapema. Tawi likivuka kwake ukaanza kupanda ukutani kuchungulia embe zako, hapo utakuwa umetafuta ugomvi kwa mikono yako miwili.

WENYE NAFASI NDOGO NA WALIOPANGA

Najua kuna wanaosema, "Sisi wa chumba na sebule je?" Tulieni, nanyi mmo.

Kwa aliyepanga, wa kwanza kuulizwa ni mwenye nyumba. Akikubali, panda mpapai. Huu ndio mti wa mtu asiyejua mwakani atakuwa wapi, kwa sababu ukitunzwa unaanza kutoa matunda ndani ya miezi 9 hadi 12 tangu uhamishiwe shambani. Unakula kabla mkataba haujaisha. Ila mipapai ina dume na jike, na kwenye uchanga huwezi kuitambua. Panda mitatu pamoja kwenye shimo moja, halafu subiri maua. Yenye vishada virefu vya maua madogo yanayoning'inia ni madume, ya kike ni makubwa na yamekaa karibu na shina. Bakiza jike moja kwenye shimo na mingine ing'oe. Ukipanda mashimo kadhaa, dume mmoja tu abaki kwa ajili ya uchavushaji. Madume mengine hayana kazi, samahani wanaume wenzangu.

Kama mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kuchimba uani kwake, tumia pipa lililokatwa nusu au ndoo kubwa ya lita 20, utoboe matundu chini. Mndimu na mkomamanga huvumilia maisha ya namna hiyo. Siku ukihama unaondoka nao pamoja na godoro lako.

MCHE MREFU SIYO MCHE BORA

Sasa twende kwa muuza miche. Hapa wengi tunanunua kwa macho, kama tunavyochagua shati. Ule mrefu wenye majani mengi kwenye kiriba kidogo mara nyingi ni mzee aliyekaa sana hapo. Mizizi imekosa pa kwenda, imejizungusha ndani kama waya kwenye boksi. Ukiipanda hivyo itaendelea kujizungusha hata ardhini, na mti utakuwa wa kuyumbayumba. Chagua mche wa wastani wenye shina nene, majani yasiyo na madoa, na mizizi isiyotoka kwa wingi chini ya kiriba.

Swali la pili ni hili: umebebeshwa au umetoka kwenye mbegu? Mche uliobebeshwa una kovu kwenye shina, pale kikonyo cha mti bora kilipounganishwa na shina la kienyeji. Mwembe uliobebeshwa kwa kawaida huanza kutoa matunda mwaka wa tatu au wa nne. Wa mbegu unaweza kukusubirisha miaka 6 hadi 8. Tena embe kama Kent, Keitt na Tommy Atkins, zilizoanzia Florida kule Marekani, kokwa yake haitoi mtoto anayefanana na mama. Unapanda Kent unavuna kitu ambacho hata ukoo hawakitambui.

Ili uone maajabu ya kubebesha, sikia habari ya parachichi aina ya Hass. Kule California alikuwepo mwajiriwa wa posta aliyeitwa Rudolph Hass, ambaye katika miaka ya 1920 alipanda mbegu kwenye shamba lake dogo huko La Habra Heights. Mche mmoja ulikuwa mkaidi, kila alipojaribu kuubebesha ulikataa, akauacha ukue wenyewe. Matunda yalipotoka, watoto wake wakayapenda kuliko mengine yote. Mwaka 1935 akapata hataza ya mti huo. Leo kila mti wa Hass duniani, hata ile ya Njombe, unatokana na ule mmoja, kikonyo kwa kikonyo. Mti mama wenyewe ulikatwa mwaka 2002 baada ya kuugua ugonjwa wa kuozesha mizizi. Shika hilo neno, kuoza mizizi, tutakutana nalo kwenye shimo.

Lakini sikiliza vizuri wewe wa Mbagala. Hass hupenda ubaridi wa nyanda za juu kama Njombe, Iringa, Mbeya na Kilimanjaro. Ukiileta kwenye joto la Pwani utapata majani na masikitiko. Muulize muuzaji ni parachichi gani zinazozaa huku kwetu. Tena usiulize muuzaji pekee, ulizia mtaani nyumba yenye mti unaozaa, ukaulize wenyewe walipanda aina gani. Mti uliokwisha kuzaa mtaani kwenu una ushahidi kuliko maneno ya mfanyabiashara.

SHIMO LINACHIMBWA KABLA YA MCHE KUNUNULIWA

Kosa kubwa la watoto wa mjini ni kununua mche kwanza, kisha kutafuta jembe. Geuza mpango. Chimba shimo wiki 2 hadi 4 kabla.

Vipimo ni futi 2 upana, futi 2 urefu, futi 2 kwenda chini, yaani sentimita 60 kila upande. Unapochimba usichanganye udongo. Ule wa juu, mweusi mweusi, weka kulia. Wa chini, uliofifia, weka kushoto. Udongo wa juu ndio wenye chakula.

Kabla ya kujaza, fanya jaribio moja la bure. Mimina maji mpaka shimo lijae, nenda kalale. Ukikuta kesho yake saa kama hizo maji bado yamekaa humo, mahali hapo panatuama, na mizizi isiyopata hewa huoza. Hapo ama utafute sehemu nyingine, ama upandie juu ya tuta pana la sentimita 30 hivi. Wenzangu wa mabondeni mnanielewa. Kwa wa Kigamboni na kwingine kwenye mchanga, ninyi shida yenu ni kinyume, maji yanapita kama kwenye chekecheke. Ongezeni mboji kwa wingi.

Sasa changanya ule udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Iliyooza ni ile ambayo haina joto wala harufu kali na ukiishika inamomonyoka kama udongo. Samadi mbichi ya jana inaunguza mizizi. Rudishia mchanganyiko huo shimoni, ujaze mpaka upite usawa wa ardhi kidogo, kwa sababu utadidimia. Chomeka kijiti katikati, subiri.

Wakati gani? Kwa huku Pwani masika huanza Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Mvua za kwanza zikishalowesha udongo, panda. Masika yanakubeba miezi mitatu. Ukipanda vuli inakubalika, ila ujue Januari na Februari zile ndoo utazibeba wewe.

SIKU YENYEWE

Panda jioni, jua likishapoa, au siku ya mawingu. Mwagilia mche ukiwa bado kwenye kiriba ili udongo ushikamane. Fukua pale kwenye kijiti shimo dogo linalotosha kiriba chako.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: chana kiriba ukiondoe chote. Wapo wanaopanda na nailoni yake, eti mizizi itatoboa. Nailoni haiozi ndugu yangu. Mti utaishi miaka yake yote umevaa soksi. Ukikuta mizizi imejizungusha, ifungue taratibu kwa vidole, ile iliyojikunja sana ikate kwa kisu kikali.

Usizike shina. Usawa wa udongo uliokuwa ndani ya kiriba ndio huo huo uwe usawa wa ardhi. Kovu la kubebesha libaki juu, tena juu kabisa, lisiguse udongo wala majani. Likifukiwa, lile shina bora litaanza kuota mizizi yake au kuoza.

Rudishia udongo, bana kwa mikono kuondoa mifuko ya hewa, usiukanyage kama unacheza mdundiko. Tengeneza kibonde kuuzunguka, mwaga ndoo nzima ya lita 20 polepole. Chomeka kigingi pembeni, fungia mche kwa kitambaa kilicholegea. Waya unakata ngozi.

Malizia kwa kutandaza nyasi kavu au majani ndani ya kibonde ili unyevu usikimbie. Ila acha nafasi ya kiganja kimoja kuzunguka shina. Nyasi zikigusa shina, mchwa wamepata daraja, na mchwa wa mji huu hawana adabu.

MIEZI SITA YA MALEZI

Kupanda ni nusu saa. Malezi ndiyo yanayotofautisha wanaume na wavulana, na wanawake na wasichana pia.

Wiki za mwanzo, kama mvua hainyeshi, mwagilia lita 10 mara mbili au tatu kwa wiki. Ni bora maji mengi kwa siku chache kuliko kikombe kila jioni, kwa sababu kikombe kinaishia juu na mizizi inabaki juu ikisubiri kikombe. Kama unasafiri kikazi, chukua chupa ya plastiki, toboa kifuniko kwa sindano, ichomeke kichwa chini karibu na mche. Itadondosha taratibu. Maji ya kufulia yenye jiki usiyapeleke huko kabisa.

Zungushia miti au wavu kama mtaani kwenu mbuzi wanatembea kama wana kitambulisho. Mbuzi mmoja kwa dakika mbili anamaliza kazi ya miezi mitatu.

Machipukizi yatakayotoka chini ya kovu yatoe mapema. Hayo ni ya lile shina la kienyeji, ukiyalea yatamfukuza mwenye nyumba. Mche ukifika mita moja hivi, kata ncha ili utoe matawi pembeni. Kwa wenye ua wa wastani, huu ndio mwanzo wa kuwa na mwembe mfupi: ukipunguzwa kila mwaka baada ya mavuno, uliobebeshwa unaweza kubaki mita 4 au 5 kwenda juu na ukazaa vizuri. Ila panga hivyo tangu mwanzo na usiache hata mwaka mmoja. Kumpunguza mti mdogo ni mkasi. Kumpunguza mkubwa ni fundi, ngazi na mshiko wa kutosha.

Na sasa jambo gumu. Mwembe uliobebeshwa unaweza kutoa maua ukiwa bado mtoto, mwaka wa kwanza tu. Utafurahi, utaita watu. Yatoe yale maua. Ndiyo, yatoe kwa mkono wako, mwaka wa kwanza na wa pili. Mti unaozaa kabla haujapata mwili unadumaa. Uache ujenge mizizi na matawi kwanza, embe utakula miaka mingi.

JUMAMOSI HII

Najua kijana wa mjini anapenda mambo ya chap chap. "Nikipanda leo nitakula lini?" Lakini piga hesabu hii. Mtu wa miaka 25 akipanda mwembe uliobebeshwa leo, kabla hajafika 30 anakula embe zake mwenyewe. Akiwa na 40 anakaa chini yake na wageni. Mwembe ukitunzwa unaweza kumzika aliyeupanda na kuendelea kuwalisha wajukuu. Ni wangapi kati ya vitu ulivyonunua mwaka huu vitakuwepo miaka kumi ijayo? Simu haitakuwepo. Viatu ndiyo kabisa.

Ila yote hayo yanategemea mahali utakapochomeka kile kijiti. Kwa hiyo Jumamosi hii mche usiununue kwanza. Tafuta kamba ya mita 5, zunguka nayo kiwanjani kwako, watoto wa mtaani wakicheka waache wacheke. Kamba ikigusa ukuta, rudi nyuma. Ikikosa nafasi kabisa, chagua mlimau au mpapai, nao ni miti. Ikizunguka bila kugusa kitu, umepata chumba cha mpangaji wako. Chukua beleshi uanze kuchimba.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Mwenye mti wake unaozaa, embe zikiiva asitusahau.